Andika Habari za Kwenu

1. Kazi yangu

Ndugu msomaji, mimi ni mzee mstaafu. Nilizaliwa mwaka 1949 pembeni ya shamba la mkonge, Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Mama yangu alilima mahindi na mihogo. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu.

Sikufundisha watoto kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1978 hadi nilipostaafu mwaka 2009 nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Mkufunzi ni mwalimu wa walimu. Vijana walikuja chuoni ili wajifunze kufundisha Kiingereza katika shule za msingi. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha namna ya kukifundisha, hasa namna ya kuwafundisha watoto kuandika.

Huenda unajiuliza, "Mambo ya Kiingereza yananihusu nini mimi?" Swali lako ni la haki. Lakini habari hii inamhusu kila mtu anayeshika kalamu, awe anaandika Kiingereza au Kiswahili. Ni habari ya kosa nililolifanya, na ya watu walionifumbua macho. Watu hao hawakuwa maprofesa. Wa kwanza alikuwa mama yangu.

2. Kibao shingoni

Nilipokuwa shule ya kati tulikatazwa kusema lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Palikuwa na kibao kidogo cha mti, kimetobolewa na kutiwa kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili au Kizigua alivikwa kibao hicho shingoni. Alikaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, naye amvike. Jioni, aliyekutwa na kibao alichapwa.

Basi tulijifunza kunyamaza. Tulipocheza mpira tulicheza kama mabubu. Tuliogopa hata kumwonya mwenzetu kwamba kuna nyoka.

Mwaka wa mwisho tuliambiwa tuandike insha ya Kiingereza juu ya siku ya baridi kali. Mimi sikuwa nimeona theluji hata siku moja. Lakini nilikuwa nimekariri kurasa mbili za kitabu. Niliandika jinsi theluji ilivyofunika paa, na jinsi familia ilivyokaa mbele ya moto ikinywa chai. Nilipata alama 16 katika 20. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa.

Juma lile lile mto ulifurika usiku. Maji yalichukua mahindi yote ya mama bondeni. Nilimwona amesimama kwenye tope mpaka magotini, akitafuta jembe lake. Habari hiyo sikuiandika. Wala hapana mtu aliyenikataza. Nilikuwa nimekwisha amini mwenyewe kwamba kalamu ni kwa ajili ya mambo ya mbali, na kwamba mambo ya kwetu hayafai kuandikwa.

Nilikua na imani hiyo. Nikaenda nayo mpaka chuoni, nikaifundisha kwa wengine.

3. Mama aingia darasani

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima hapa Tanzania. Baada ya hapo madarasa ya kisomo yalienea vijijini. Mama yangu alijiandikisha katika darasa lililokutana chini ya mwembe. Alikuwa amepita umri wa miaka 40. Alikuja na kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kufutia ubao wake.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Nilidhani mama atachoka haraka. Watoto wangu darasani walikaa mwaka mzima na sentensi zile zile za Kiingereza, wasiweze kuandika moja ya kwao wenyewe. Mama atawezaje?

Nilikosea. Baada ya miezi michache mama alisoma maneno ya kitabu chake. Kitabu hicho kilihusu kilimo. Maneno yake yalikuwa jembe, mbegu, mbolea, palizi, ghala. Mama hakuhitaji kuelezwa palizi ni nini. Mikono yake iliijua tangu utoto. Alichohitaji ni kujua tu jinsi neno lile linavyoonekana kwenye karatasi.

Siku moja alipeleka mahindi yake kuuza. Karani alipima, akaandika stakabadhi. Mama aliitazama, kisha akasema, "Baba, hapa umeandika kilo 67. Kwenye mizani nimeona 76." Karani alicheka. Akasema alikosea tu kupanga tarakimu. Akaandika upya. Mama alirudi nyumbani na fedha za kilo 9 ambazo zingepotea. Jioni ile alifungua daftari lake akaandika: Leo nimeuza mahindi kilo 76. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyoitunga mwenyewe. Mwezi wa Agosti, mwaka 1975, alifanya mtihani wa taifa wa kisomo, akafaulu.

Mwaka nilioanza ukufunzi nilikwenda kumsalimu. Nilikuwa na rundo la insha za wanachuo. Mama akaniuliza wameandika nini. Nilimtafsiria moja. Ilikuwa barua kwa mjomba aliyeko London, kumshukuru kwa zawadi ya saa.

Mama akauliza, "Kijana huyu ana mjomba London?"

"Hapana, mama. Ni zoezi tu."

"Na saa anayo?"

"Hana."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona mnawafundisha uwongo?"

Nilicheka. Nilimweleza kwamba hivyo ndivyo lugha inavyofundishwa. Yeye hakucheka.

4. Kalamu nyekundu

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mwaka 1979 tulikuwa na wanachuo wengi. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza mwaka 1977, na shule zilihitaji walimu kila mahali. Mwanachuo mmoja alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa mkonge kama mimi. Alikuwa kijana mpole, mzito wa kusema. Nilitoa insha: Eleza safari ya gari moshi. Yeye hakuandika habari za gari moshi. Aliandika ukurasa mmoja juu ya mkono wa baba yake.

Baba yake alifanya kazi kwenye korona. Korona ni mtambo unaoponda majani ya mkonge na kuyaparua ili zitoke nyuzi. Siku moja jani lilinasa, mzee akataka kulichomoa, mtambo ukamchukua mkono wa kulia. Kijana aliandika jinsi baba yake alivyojifunza upya kula, kuvaa shati na kusalimu watu kwa mkono wa kushoto. Aliandika kwamba wageni wengine walidhani ni mtu asiye na adabu.

Kiingereza chake kilikuwa kibovu. Nilichukua kalamu nyekundu. Nilihesabu makosa 31. Juu ya karatasi niliandika kwamba hakujibu swali. Nikampa alama 4 katika 20.

Alikuja ofisini baada ya masomo. Alisimama mlangoni.

"Mwalimu, umeisoma insha yangu?"

"Nimeisoma. Ina makosa 31."

"Samahani, Mwalimu. Sikuuliza makosa. Nimeuliza kama umeisoma."

Niliona amenivunjia heshima. Nilimwambia aondoke. Tangu siku ile insha zake zilikuwa safi. Alinakili sentensi za vitabuni, zisizo na makosa wala uhai. Nilimpa alama nzuri. Nilidhani amejirekebisha.

Miaka miwili baadaye nilitumwa kukagua walimu wapya mashuleni. Nilimkuta katika shule ya msingi, ng'ambo ya mto. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 60. Ubaoni aliandika kwa Kiingereza kwamba Bwana Brown anakwenda stesheni. Watoto waliimba sentensi ile mara kumi, kisha wakaiandika. Nilimwuliza mtoto mmoja Bwana Brown ni nani. Hakujua. Nilimwuliza stesheni ni nini. Hakujua, ingawa reli ya Tanga ilipita si mbali na nyumba zao.

Mtoto mwingine alikuwa ameandika sentensi yake mwenyewe chini ya ile ya ubaoni. Ilikuwa juu ya mbuzi aliyezaa. Mwalimu wake alikuwa ameikata kwa kalamu nyekundu.

Nilipomwita pembeni kumwuliza sababu, alinitazama usoni. Akasema, "Nimefanya kama ulivyonifundisha, Mwalimu."

Sikuwa na la kujibu. Alisema kweli. Ukimharibu mwanafunzi mmoja, umeharibu mmoja. Ukimharibu mwalimu, umeharibu watoto wote atakaowafundisha maisha yake yote.

5. Kuanza upya

Nilirudi chuoni nikiwa na aibu. Usiku nilikumbuka daftari la mama. Kwa nini mama aliweza kuandika mapema kuliko wanafunzi wangu? Kwa sababu aliandika jambo analolijua. Alikuwa na kazi moja tu, yaani kuandika. Watoto wangu walikuwa na kazi mbili. Walipaswa kutafuta maneno ya Kiingereza, na papo hapo kuwaza mambo wasiyoyaona. Mzigo ulikuwa mzito mno.

Basi nikabadili mafunzo. Niliwaambia wanachuo tutaanza na mkonge, kwa maana umetuzunguka kila upande. Tulifuata hatua hizi:

Kwanza, tulitembea. Tulikwenda mashambani na kwenye mtambo. Kila mmoja alitazama, akanusa, akahesabu. Tuliona kwamba jani lina mwiba mkali kwenye ncha. Tuliambiwa kwamba katika kilo 100 za majani, katani inayopatikana ni kama kilo 4 tu. Nyingine zote ni maji na takataka.

Pili, tuliwauliza wenyeji. Tuliwauliza kwa lugha yao, si kwa Kiingereza. Mtu hawezi kukueleza maisha yake kwa lugha ya kuokoteza.

Tatu, tulisoma historia. Tulisoma kwamba mkonge si mmea wa asili wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya Tanganyika. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha nyuzi za plastiki zikaenea duniani, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaota magugu. Wanachuo wengi walishangaa. Walizaliwa katikati ya mkonge, lakini hapana mtu aliyewaambia ulitoka wapi.

Nne, tulitafuta maneno ya Kiingereza tuliyoyahitaji. Hapo ndipo kamusi ilipokuwa na kazi. Zamani niliwapa wanachuo maneno, wakatafuta la kusema. Sasa walikuwa na la kusema, wakatafuta maneno. Neno ulilolitafuta kwa shida halisahauliki upesi.

Tano, tuliandika. Mimi pia niliandika. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha kuandika bila kuandika. Nilipojaribu mwenyewe nikaona ugumu wake.

Sita, tulisomeana. Sheria ilikuwa moja: kwanza useme umeelewa nini na unataka kujua nini zaidi. Makosa ya lugha yatengenezwe baadaye. Hatukuyaacha. Tuliyaweka mahali pake tu.

6. "Nililetwa"

Nitakupa mfano mmoja wa faida ya njia hii.

Wanachuo watatu walimhoji mzee mmoja kutoka Kigoma. Alikuwa manamba zamani za Mwingereza. Manamba walikuwa wafanyakazi walioandikishwa kwa mkataba huko mbali, wakapewa namba, wakaletwa kwenye mashamba ya mkonge. Wengi walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Wanachuo waliandika habari za mzee huyo kwa Kiingereza. Tuliichapa kwa mashine ya kudurufu pamoja na nyingine, tukapata kijitabu.

Niliwaagiza warudi kwa mzee wamsomee, huku wakimtafsiria. Mzee alisikiliza ametulia. Walipofika mahali wameandika kwamba alikuja Tanga kutafuta kazi, alinyanyua mkono.

"Hapo futeni," akasema. "Mimi sikuja. Nililetwa."

Wanachuo walirudi wakafuta. Nilikuwa nimeihangaikia kauli ya kutendwa ya Kiingereza kwa majuma matatu. Nilikuwa nimejaza ubao mifano. Wengi hawakuona maana yake. Siku ile waliiona yote kwa neno moja la mzee asiyejua Kiingereza. Kuja ni kitu kimoja. Kuletwa ni kitu kingine. Katikati yake yapo maisha ya mtu.

Nikajifunza jambo kubwa. Ukiandika habari za theluji ya Ulaya, nani hapa kijijini atakuambia umekosea? Hapana. Unaweza kuandika lolote. Lakini ukiandika habari za kijiji chako, watu wote ni wasahihishaji wako. Watakuambia: Hapana, kisima kilichimbwa kabla ya mafuriko. Hapana, jina la mlima si hilo. Hapo ndipo mwandishi anapojifunza kuwa mwangalifu.

7. Walionipinga

Usidhani wote walifurahi. Mzazi mmoja alikuja chuoni amekasirika. Mtoto wake alikuwa akifundishwa na mwalimu tuliyemfunza sisi.

Akasema, "Mwalimu, mimi nimekata mkonge miaka 20. Nimempeleka mwanangu shule ili aondoke kwenye mkonge. Ninyi mnamrudisha huko huko. Kiingereza ni lugha ya kwendea mbali. Habari za hapa ataandika na nani?"

Maneno yake yalikuwa mazito, nami sikuyapuuza. Alikuwa na haki. Shule za sekondari zinafundisha kwa Kiingereza, na asiyekijua hubaki nyuma. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Tena mtihani ulikuwa na maswali yake. Mtihani haukuuliza habari za mkonge.

Nilimwomba aketi. Nikamwonyesha daftari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto aliyenakili. Sentensi zilikuwa safi, lakini mtoto alipoulizwa swali dogo alinyamaza. Ya pili ilikuwa ya binti yake mwenyewe. Alikuwa ameeleza kwa Kiingereza jinsi ya kutengeneza kamba ya katani, hatua kwa hatua. Nilimwambia, "Mtu anayeweza kueleza kwa Kiingereza jinsi kamba inavyosokotwa, kesho ataweza kueleza jinsi mashine inavyofanya kazi, au jinsi ugonjwa unavyoenea. Tumempa njia ya kueleza. Kwenda mbali ataenda. Lakini ataenda akijua ametoka wapi."

Hakukubali yote. Alisema, "Basi mfundisheni na hayo ya mtihani." Nikaona ni sawa. Tangu hapo tuligawa wakati. Nusu tulifundisha kuandika habari za mahali, nusu tulifundisha barua na insha za namna zinazoulizwa kwenye mtihani. Mzazi yule alinifundisha kwamba njia nzuri ikizidishwa nayo hupotosha.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Katika kijiji kimoja watoto waliandika juu ya kisima. Walihesabu ng'ombe walioingia majini kwa siku moja, wakapata 43. Walihesabu watoto wenzao walioumwa tumbo mwezi ule, wakapata 19. Mwalimu wao alibandika karatasi hizo ukutani. Kiongozi mmoja wa kijiji alikuwa na ng'ombe wengi. Alisema mwalimu anawafundisha watoto kuwadharau wakubwa.

Nilikwenda kumtetea. Tulikaa kikao kirefu. Mwishowe kisima kilizungushiwa ua wa miiba, na ng'ombe wakachimbiwa birika lao. Lakini mwaka ulipokwisha mwalimu yule alihamishwa mbali. Hapana aliyetueleza sababu. Mke wake alikuwa amejifungua mwezi uliotangulia.

Jambo hilo liliniuma. Tangu hapo niliwaambia wanachuo: maandishi ya mahali yana nguvu, kwa hiyo yanahitaji busara. Hesabu vizuri kabla ya kuandika. Mwendee anayehusika, umsikilize kabla hujabandika ukutani. Andika jambo lenyewe, usimtukane mtu. Ukifanya hayo yote bado unaweza kupata taabu. Lakini hutakuwa umesema uwongo.

8. Si sisi peke yetu

Nilidhani nimegundua jambo jipya. Baadaye nilisoma na kuona kwamba wengine walitangulia. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isijitenge na kijiji. Mwaka 1968 Serikali yetu na UNESCO zilianza kisomo cha majaribio katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vilihusu pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi, kufuata kazi za watu.

Hata Marekani lilikuwapo. Mwaka 1966, katika milima ya Georgia, wanafunzi wa sekondari walianza kuwahoji wazee wao juu ya kujenga nyumba za magogo na kazi nyingine za zamani. Wakatoa gazeti lao, likaitwa Foxfire. Mwaka 1972 maandishi yao yalitolewa kuwa kitabu, kikasomwa nchi nzima. Mwaka 1974 walimu wa California walianza kukutana wakati wa likizo katika Chuo Kikuu cha Berkeley. Msingi wao ulikuwa kwamba anayefundisha kuandika sharti naye aandike. Walimu wa majimbo mengine waliufuata msingi huo. Miongoni mwao walikuwa walimu wa vijiji vya Nebraska, jimbo la mashamba ya mahindi.

Nilifurahi kusoma hayo. Nilifikiri, kumbe hata mtoto wa Marekani naye huhitaji kuambiwa kwamba kwao panafaa kuandikwa.

9. Barua

Kazi ya kuandika pamoja na wanachuo ilinidai deni la zamani. Siku moja niliandika habari ya kalamu nyekundu, nikawasomea darasani. Walinyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, yeye mwenyewe umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Jioni ile nilimwandikia barua yule mwalimu wa ng'ambo ya mto. Niliandika kwa Kiswahili. Nilimwambia kwamba mwaka 1979 aliniuliza kama nimeisoma insha yake, na kwamba jibu la kweli lilikuwa hapana. Nilimwomba radhi. Nilimwuliza kama anayo bado.

Miezi minne ilipita bila jibu. Nilidhani amekataa, na ilikuwa haki yake. Kisha dereva wa lori aliniletea bahasha. Ndani palikuwa na insha kumi za watoto wa darasa lake. Moja ilikuwa juu ya mbuzi. Chini kabisa palikuwa na insha juu ya mkono wa baba, imeandikwa upya. Baba alikuwa amekwisha fariki. Kijana alikuwa ameongeza jambo moja: kwamba siku ya mazishi watu wote wa korona walimwaga baba yake kwa mkono wa kushoto.

Kwenye kikaratasi aliandika, "Mwalimu, soma kwanza. Kisha nitengenezee Kiingereza. Nataka niwasomee watoto."

Nilisoma mara mbili. Kisha nikachukua penseli, nikatengeneza makosa manne.

10. Na wewe, msomaji

Umemaliza darasa la kisomo. Sasa unajua kusoma na kuandika. Usiache kalamu ilale. Usingoje upate mambo makubwa ya kuandika. Andika siku mvua ilipoanza mwaka huu. Andika jina la kila kijito, na sababu ya jina hilo. Andika umeuza kilo ngapi, kwa bei gani, na nani alipima. Muulize mzee aliye karibu nawe alikuja au aliletwa. Mzee akifa kabla hujamuuliza, hapana kamusi itakayokupa jibu.

Mama yangu alifariki mwaka 1996. Alituachia jembe, kanga na daftari saba. Nimezihifadhi. Ndani yake imo mvua, imo bei ya mahindi, imo siku ya kuzaliwa kwa kila mjukuu. Daftari ya tatu ina ukurasa juu ya mafuriko yale ya utoto wangu. Mimi niliyepata alama 16 kwa theluji sikuyaandika. Aliyeyaandika ni yeye.

Maneno ya kukumbuka

Mkufunzi: mwalimu anayefundisha walimu.
Katani: nyuzi zinazotoka katika majani ya mkonge.
Korona: mtambo wa kuponda na kuparua majani ya mkonge.
Manamba: mfanyakazi wa mkataba katika mashamba makubwa, zamani za ukoloni.
Kudurufu: kutoa nakala nyingi za karatasi moja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mama aliweza kuandika mapema kuliko watoto wa shule?
2. Kuna tofauti gani kati ya "nilikuja" na "nililetwa"? Toeni mifano ya kijijini kwenu.
3. Mzazi aliyekuja chuoni alikuwa na hoja gani? Ninyi mnaonaje?
4. Mwalimu aliyebandika habari za kisima alifanya vema? Angeweza kufanya nini zaidi?

Kazi

Mwendee mzee mmoja wa kijiji chenu. Muulize habari ya jambo moja la zamani. Liandike kwa sentensi kumi. Kisha rudi umsomee. Kama atasema "Hapo futa," futa, uandike upya.